Neno moja lina wafadhili wangapi Washington?

Barazani Jaws Corner, mazungumzo ya Gaza au Sudan hayakawii kufikia hukumu moja: wanasiasa wa Marekani wamenunuliwa, ndiyo maana huyu "anajilinda" na yule "anashambulia". Hukumu hiyo ina ukweli, ila inaruka hatua za katikati, na hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika.

Chukua mauaji ya Waarmenia ya 1915, yaliyofanywa na dola ya Osmani, iliyotangulia Uturuki ya leo. Kwa miaka mingi Uturuki ililipa kampuni za ushawishi ili Bunge la Marekani lisiyaite mauaji ya kimbari. Richard Gephardt aliunga mkono neno hilo alipokuwa mbunge. Alipostaafu, akaifanyia kazi Uturuki kulipinga. Si lazima bahasha ipite. Kampuni huandika karatasi fupi ya hoja na kumpelekea msaidizi anayeandaa hotuba, mtu mwenye mada kumi mezani na muda wa moja tu. Sentensi huhamia kwenye hotuba kama zilivyo. Mwaka 2007 azimio lilipita kamatini kwa kura 27 dhidi ya 21, kisha likafa kabla ya kupigiwa kura na Baraza zima.

Lakini fedha peke yake haielezi yaliyofuata. Tarehe 29 Oktoba 2019 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha neno lilelile kwa kura 405 dhidi ya 11, wiki tatu baada ya jeshi la Uturuki kuingia kaskazini mwa Syria. Kilichopungua ni marafiki wa Uturuki. Na Waarmenia wa Marekani nao walikuwa wakishawishi miaka yote hiyo, kwa haki ya raia ambayo katiba yao inailinda. Kwa maoni yangu, ushawishi una nguvu zaidi kulizuia neno kuliko kulipandikiza, khasa pale mpiga kura asipofuatilia.

Penye mpiga kura anayefuatilia, gharama hupanda. Mwaka 2024 mfuko wa AIPAC, kundi la Marekani linaloitetea Israel, ulitumia zaidi ya dola milioni 14 katika uchaguzi dhidi ya mbunge Jamaal Bowman, aliyeyaita ya Gaza mauaji ya kimbari. Alishindwa, ingawa alikuwa na doa lake pia: wenzake walishamkaripia rasmi kwa kuvuta king'ora cha moto.

Anayetaka ushahidi aanzie kwenye sheria ya Marekani ya 1938, FARA: wanaofanya kazi ya siasa kwa serikali ya nje hujisajili Wizara ya Sheria, na maandishi wanayosambaza huwasilishwa ndani ya saa 48. Daftari hilo husomeka bure kwa simu. Tafuta jina la nchi, utaona kampuni na malipo. AIPAC hutaiona humo, kwa kuwa inasajiliwa kama kundi la ndani. Rekodi za mfuko wake zipo Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho.