Pepa langu nimelishika mkononi

Wiki iliyopita, huku Ujerumani ninakosoma, niliitwa kwenda kuangalia pepa langu la mtihani. Sina kesi na mtu. Matokeo yalishatoka, nimefaulu, nikajua yameisha, halafu ikaja barua pepe kwa darasa zima: Alhamisi saa nane mchana, anayetaka kuona alivyosahihishwa aje na kitambulisho.

Nikaenda kwa ushamba tu. Mikoba pembeni, kalamu marufuku, unakaa, kijana msaidizi wa profesa anakuletea karatasi zako zilezile, mwandiko wako mbaya na wino mwekundu wa aliyesahihisha. Nikajumlisha ukurasa kwa ukurasa. Wa nne hawakuuhesabu. Nikanyoosha mkono. Kijana akatazama, akasema samahani, akaongeza alama tatu, akasaini. Hazikufika dakika tano. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia, wenzangu wakadhani nimefeli.

Mliosoma vyuo vya kwetu kule nyanda za juu mnajua nililia nini.

Mwaka wa pili, chuo changu cha Iringa (sikitaji, na viko kadhaa, msianze kubahatisha), testi zangu zilinipa 31 kwenye 40. Kwenye mfumo ikaingia 13. Mtu kageuza tarakimu, hayo ni ya kibinadamu, huku si wamesahau ukurasa mzima? Shida ilikuwa safari iliyofuata. Idara: muone mwalimu. Mwalimu yuko Dodoma. Karudi, anasema alishawasilisha, nenda ofisi ya mitihani. Mitihani hawagusi kitu bila barua ya idara. Njoo Jumatatu. Njoo baada ya seneti. Septemba nikajikuta nafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo nililofaulu, kodi ya geto Kihesa natoa mfukoni maana bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, limeshakata, na kwa kuwa sapu haivuki C, hiyo C iko kwenye transkripti mpaka leo. Kwenye usaili wa ufadhili wakaniuliza, hii ni ya nini? Nikasema niliumwa. Ningewaeleza nini?

Najua mnachotaka kusema. "Dada kala mkate wa wazungu miaka miwili, ameshaanza kutudharau." Mimi nimezaliwa Ipogolo. Wajerumani hawa walikaa na fuvu linalosemekana ni la Mkwawa, chifu wa Wahehe, mpaka likarudishwa Kalenga mwaka 1954, kwa hiyo msidhani nawapenda kwa upofu. Kuna siku natamani kurudi kwa miguu. Masomo mengi huku mtihani mmoja wa mwisho ndio alama zote, hakuna testi ya kukubeba, na mara nyingi ukifeli mara tatu, fani hiyo ndiyo basi tena. Hata alama zao zimepinduliwa: 1.0 ndiyo ya juu, 5.0 umefeli. Nilimtumia mama 1.7 yangu kwa furaha. Akakaa kimya, akasema, "Pole mwanangu, utarudia." Yeye anajua za kwetu, ambako 4.4 ndiyo festi klasi.

Na upweke! Kipindi kikiisha wanagonga meza kwa vidole, ndiyo makofi yao hayo, wanavaa makoti, wanayeyuka. Diskasheni hawaijui. Julai ile ya Iringa, saa nne usiku, tumejazana kwenye darasa moja na mablanketi mabegani, aliyeelewa kashika chaki, asiyeelewa anabisha kwa sauti kubwa kuliko wote, karanga zinapita mkono kwa mkono. Takwimu nilifundishwa na kijana mmoja wa Makete, si na mhadhiri. Huku sijaona anayemfikia kwa kueleza. Kwa hiyo msiniambie nimesahau.

Lakini pepa ni langu. Hapo sirudi nyuma.

Mtasema mhadhiri mmoja ana wanafunzi mia nne, ataonyesha mapepa saa ngapi? Sisi tulifanya mtihani ule zaidi ya mia tatu. Waliokuja kuangalia hawakufika arobaini, kwa sababu wengi wakishafaulu hawana habari. Meza, viti, wasaidizi wawili, mchana mmoja. Hapo Ulaya iko wapi? Chuo gani cha kwetu hakina meza?

Mtasema rufaa ipo. Ipo, unailipia, halafu pepa anapelekewa mtu mwingine alisahihishe na wewe hulioni hata kwa dirishani. Mtasema wanafunzi watawazonga walimu. Watazonga, ndiyo, siku ya kwanza. Ila mwalimu anayejua kwamba pepa litarudi mbele ya mwenyewe atahesabu mara mbili, na mwanafunzi aliyeandika pumba ataziona pumba zake kwa macho yake, aache kusema ameonewa. Nusu ya zile hadithi za "yule mwalimu ana roho mbaya" zingekufa hapo hapo. Yangu isingekufa, lakini nusu zingekufa.

Mdogo wangu ameingia mwaka wa kwanza mwaka huu, mkoa uleule. Juzi nikamwandikia: kila testi ukirudishiwa piga picha, tunza, hata simu ikijaa futa za harusi ubakize hizo.

Akajibu: "Dada, huwa tunapewa tuzione kama dakika kumi hivi, halafu zinakusanywa tena. Na simu haziruhusiwi."