Boriti ya Mwashi na Mizani ya Mshairi

Anayeniuliza kama msikiti wa kale una thamani kuliko utenzi, au kama taarabu inaizidi picha, ananitaka nizipange sanaa kama washindani wa mbio, na kazi hiyo siipendi. Mimi hupenda kujua kwanza kila fundi alibanwa na nini.

Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo haikuweza kubeba dari zito la mawe na chokaa kwa zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Mwashi aliyetaka ukumbi mpana hakuwa na budi kurudia nguzo na tao, nguzo na tao. Ndivyo ulivyo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11 au ya 12, na ambao upanuzi wake wa upande wa kusini uliezekwa kwa makuba na kwa mapaa yaliyopinda kama mtumbwi uliofudikizwa.

Utenzi wa Al-Inkishafi, alioutunga Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mapema katika karne ya 19, nao una boriti zake. Mshororo una mizani, yaani silabi, 10, na sauti hutua kidogo baada ya ile ya sita. Mishororo mitatu hushirikiana kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana, kisha wa nne hurejea kwenye kina kiitwacho bahari, kisichobadilika mpaka mwisho wa utenzi, kama tao linalokupokea baada ya kila nguzo. Tena mshairi mwenyewe anatuingiza katika nyumba za Pate zilizokufa, ambamo zidaka, vishubaka vya ukutani, zilizokuwa za sahani za kaure zimekuwa malalo ya ndege. Kwa maoni yangu, beti hizo zinaieleza nyumba ya Mswahili kuliko magofu, kwa kuwa gofu limebakiwa na zidaka tupu, ilhali utenzi umehifadhi taa, sahani na wenyewe.

Taarabu nayo ilibanwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 3 au zaidi kidogo tu, kwa hiyo wimbo uliozoea kurefushwa barazani ulipaswa kutoshea humo.

Kwenye uchoraji ulinganisho wangu unalegea. Edward Saidi Tingatinga, aliyechora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, alikuwa na mipaka yake, lakini picha huonekana yote mara moja, wala hakuna kina cha kungojea. Labda madoa ya chui tu, yaliyopigwa kwa brashi moja baada ya jingine hadi yakaenea mwili mzima, ndiyo yanayotaka jicho litembee taratibu.