Cabo Delgado: Msaada Unaofuata Gesi na Msaada Unaofuata Kimbunga

Machi 2025, Benki ya Mauzo ya Nje ya Marekani iliidhinisha upya mkopo wa dola bilioni 4.7 kwa ajili ya mradi wa gesi asilia unaoongozwa na kampuni ya TotalEnergies huko Afungi, wilayani Palma, katika mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji. Wiki chache kabla ya hapo, Januari 20, serikali hiyohiyo ya Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje, na shirika la USAID likaanza kuvunjwa, ingawa Marekani ndiyo iliyokuwa ikichangia shughuli za kibinadamu nchini Msumbiji kuliko nchi nyingine yoyote. Haki itendeke: mkopo si msaada, na benki hiyo ipo kwa ajili ya kuwasaidia Wamarekani kuuza bidhaa na huduma zao. Hata hivyo, ukisoma maamuzi hayo mawili kwa pamoja, unapata picha ya kile ambacho fedha za nje hukiona na kile ambacho hazikioni zinapofika mahali palipo na vita, maafa na utajiri kwa wakati mmoja.

Cabo Delgado ni mahali pa namna hiyo. Vita vilianza Oktoba 5, 2017, wapiganaji walipovamia mji wa Mocímboa da Praia; wenyeji wakawaita al-Shabaab, ingawa si kundi lile la Somalia. Aprili 25, 2019, wiki sita baada ya kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira, kimbunga Kenneth kiliingia pwani ya mkoa huohuo kikiwa miongoni mwa vimbunga vikali kabisa kuwahi kurekodiwa Msumbiji. Desemba 15, 2024, kimbunga Chido kikatua wilayani Mecúfi na kuangusha nyumba za watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kukimbia makwao mara moja au zaidi kwa sababu ya vita. Mwaka 2022 idadi ya waliokimbia makazi yao ilifika karibu milioni moja. Kwetu Watanzania hayo si mambo ya mbali. Wamakonde wako kingo zote mbili za mto Ruvuma, Kiswahili kinasikika sokoni Palma na Mocímboa, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara.

Tuanze na msaada wa usalama, maana huo ndio unaoshambuliwa kwa wepesi zaidi na watu wanaoishi mbali. Kufikia katikati ya 2021 Mocímboa da Praia ilikuwa imekaa mikononi mwa wapiganaji kwa takriban mwaka mzima, na shambulio la Palma la Machi mwaka huo lilikuwa limeifanya TotalEnergies isitishe mradi wake wa dola bilioni 20. Julai 2021 wakaingia askari wa Rwanda, 1,000 kwa kuanzia, kisha kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, kilichojumuisha askari wa Tanzania. Agosti 8 Mocímboa ikakombolewa. Umoja wa Ulaya ulitoa yuro milioni 15 kwa kikosi cha SADC, yuro milioni 20 kwa Rwanda mwaka 2022 na nyingine 20 Novemba 2024, pamoja na vifaa visivyo vya kuua vyenye thamani ya yuro milioni 89 kwa wanajeshi wa Msumbiji waliofundishwa na wakufunzi wa Ulaya. Zaidi ya watu laki tano wamekwisha kurudi makwao katika miaka iliyofuata. Anayesema msaada huo haukuwa na faida yoyote kwa raia anapaswa kwanza kumweleza mfanyabiashara wa Mocímboa, aliyefungua tena duka lake baada ya miaka mitatu ya kuhamahama, jinsi ambavyo angelifungua bila bunduki hizo.

Upande wa pili wa hoja unaanzia kwenye ramani. Askari wa Rwanda walijikita Palma na Mocímboa, yaani mahali penye gesi na njia ya kuifikia, na hapo walifanya kazi yao vizuri. Wapiganaji hawakwisha, waligawanyika katika makundi madogo na kuteremka kusini. Mwaka 2022 vita vikafika Ancuabe, wilaya iliyokuwa ikipokea wakimbizi, na mwanzoni mwa 2024 Chiúre, mpakani na mkoa wa Nampula. Mei 10, 2024, huku kikosi cha SADC kikifungasha virago, wapiganaji waliuteka mji wa Macomia kwa muda. Maghala na magari ya mashirika ya misaada yakaporwa, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha huduma zao hapo. Ni kweli kwamba Wanyarwanda walipelekwa pia Ancuabe na baadaye Macomia, lakini katika kila hali askari walifuata shambulio lililokwisha kutokea. Sidai kwamba wafadhili walikaa mezani wakaamua Macomia iachwe. Nadai kwamba ulinzi ulipangwa kwa kuanzia kwenye mali inayopaswa kulindwa, na mkulima wa muhogo wa Chiúre akalindwa kwa kiasi ambacho njia yake ilikutana na njia ya gesi.

Kisha lipo tatizo la ulinzi wa raia wa nchi moja kutegemea siasa za nchi nyingine. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa M23, waasi wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, Januari 2025, Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kutaka msaada wa kijeshi kwa Rwanda usitishwe. Mkongomani ana kila sababu ya kuunga mkono azimio hilo. Lakini nalo lingetekelezwa kikamilifu, gharama yake ya kwanza ingelipwa Palma, na watu ambao hawana uhusiano wowote na vita vya Kivu. Kuhusu mwenendo wa askari wenyewe nitasema machache: ripoti ya Amnesty International ya Machi 2021 ilieleza uhalifu dhidi ya raia uliofanywa na wapiganaji, na majeshi ya serikali, na kampuni binafsi ya kijeshi iliyokuwa imekodiwa. Mafunzo ya Umoja wa Ulaya yalitolewa Katembe na Chimoio, mbali sana na uwanja wa vita, na somo la haki za binadamu lina maana pale tu ambapo kamanda aliyeko porini naye anaweza kushtakiwa.

Msaada wa kukabiliana na maafa una historia tofauti, na kwa maoni yangu yenye mafanikio zaidi, ingawa hauandikwi sana. Baada ya mafuriko ya mwaka 2000 yaliyoua watu wapatao 700, Msumbiji, kwa fedha na utaalamu wa nje, ilijenga mtindo wa kamati za maafa za vijiji. Kamati huwa na redio, kipaza sauti cha mkononi na bendera. Bendera ya bluu huonya kwamba kimbunga kinaweza kufika ndani ya saa 24 hadi 48, ya njano kwamba kimebakiza chini ya saa 24, na nyekundu kwamba kimebakiza saa chache tu na kila mtu anapaswa kuwa amekwisha kujificha mahali imara. Hazihitaji umeme wala simu, na asiyejua kusoma anazielewa. Kenneth kilipokuwa kinakaribia, watu wapatao 30,000 walihamishwa mapema. Nchini Msumbiji walikufa 45, idadi inayoumiza lakini ndogo ukizingatia ukali wa upepo ule. Ni vigumu kutaja bajeti ya kijeshi iliyookoa watu kwa gharama nafuu kama vitambaa vile vitatu.

Lakini bendera nyekundu inamwambia mtu akimbilie jengo imara, na hapo ndipo vita na maafa vinapokutana. Kamati ni watu wanaojuana: mwalimu, mama wa kikundi cha akiba, kijana mwenye baiskeli. Kijiji kikitawanywa na vita, kamati nayo hutawanyika, na bendera, kama zipo bado, zinabaki kwa mtu ambaye hajulikani aliko. Waliohamia pembezoni mwa Pemba, Metuge na Chiúre wanaishi katika vibanda vya miti, makuti na maturubai, katika viwanja ambavyo si vyao na ambavyo hawathubutu kuvijengea msingi. Chido kiliua watu 120 Msumbiji. Zipo sababu nyingi za tofauti kati ya vimbunga hivyo viwili, ikiwamo njia vilivyopita, na singependa kuilaumu vita peke yake. Ila mkoa uliopigwa na Chido ulikuwa umeongezewa maelfu ya kaya zisizo na paa la kuaminika.

Jambo lingine ambalo takwimu za wafadhili huliruka ni orodha. Msaada wa chakula au vocha haugawiwi kwa "jamii". Hugawiwa kwa jina lililoandikwa, na mara nyingi mwandikaji wa kwanza ni kiongozi wa mtaa au wa kijiji. Mama aliyekuja usiku bila kitambulisho, akapokewa na shemeji yake Pemba, hana jina katika orodha ya kambi kwa sababu hayuko kambini. Sehemu kubwa ya waliokimbia wanaishi hivyo, kwa ndugu na majirani, wakigawana chungu kimoja na wenyeji ambao kwa hesabu za ofisini si waathirika. Zimekuwapo tuhuma za viongozi wa chini kudai pesa, na hata ngono, ili jina liingizwe. Mgao wenyewe umewahi kukatwa hadi nusu kwa uhaba wa fedha. Si lazima mtu apinge misaada ili aone kwamba mfumo wa namna hii unampa madaraka makubwa mwenye kalamu, na unazua chuki kati ya mwenyeji na mkimbizi mahali ambapo wapiganaji wanatafuta vijana wenye kinyongo.

Serikali ya Msumbiji nayo haiwezi kukaa kando kama mhanga. Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya serikali yalikopa zaidi ya dola bilioni 2, sehemu kubwa kwa siri bila idhini ya bunge. Mojawapo, ProIndicus, lilidaiwa kuwa la kulinda pwani. Deni lilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wa bajeti walifunga mifereji yao. Aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alihukumiwa kifungo mjini New York Januari 2025. Wafadhili walikuwa na haki ya kutotia fedha katika mfuko uliotoboka. Hata hivyo adhabu ilianguka kwenye huduma za serikali kwa ujumla mwaka mmoja tu kabla ya vita kuanza, katika mkoa ambao tayari ulikuwa wa mwisho kufikiwa na huduma hizo. Kwa hiyo pwani haikulindwa, na deni likabaki kwa walipa kodi.

Katika mazingira hayo yakaja makato ya 2025. Kufikia katikati ya mwaka, mpango wa kibinadamu wa Msumbiji ulikuwa umepata chini ya robo ya fedha zilizohitajika. Kati ya Julai 20 na 28 zaidi ya watu 46,000 walikimbia mashambulizi, wengi wao wilayani Chiúre, na wengi wao watoto. Mwishoni mwa mwaka TotalEnergies ilitangaza kwamba hali sasa inaruhusu mradi kuendelea. Kauli zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu zinapima usalama wa vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka msaada wa kijeshi ukomeshwe. Kuuondoa leo ni kuwakabidhi watu wa Mocímboa kwa waliowachinja. Ninachokipinga ni kuhesabu mafanikio yake kwa kilomita zilizokombolewa pekee. Mkataba wa vikosi ungeweza kudai, pamoja na mambo mengine, kwamba barabara ya Macomia ipitike kwa malori ya chakula, na kwamba askari wasiondoke wilayani kabla hajapatikana wa kushika zamu. Fedha za maafa nazo zingepaswa kuanza na hati za viwanja kwa waliohamia, ili mtu aweze kupigilia bati kwa misumari ya kutosha, na kuzihesabu kaya zinazopokea wageni kama sehemu ya walengwa.

Na kabla hatujamaliza kuwanyooshea vidole Washington na Brussels, tujitazame. Tanzania ilipeleka askari Cabo Delgado, na baada ya SADC kuondoka iliwabakiza wengine katika wilaya ya Nangade, mkoani humo, kwa makubaliano na Maputo. Lakini mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililalamika hadharani kwamba maelfu ya watu waliokimbilia kwetu walirudishwa ng'ambo kupitia Negomano, wakiwamo wanawake na watoto. Hofu ya serikali ilikuwa na msingi, kwa kuwa damu ya Kitaya ilikuwa haijakauka na mpiganaji anaweza kuvuka akijifanya mkimbizi. Nchi hii, hata hivyo, iliwahi kuwapokea Wamsumbiji huko Rutamba, mkoani Lindi, wakati wa vita vya ukombozi, ikiwa na uwezo mdogo kuliko wa sasa na jasusi wa Kireno akiwa tishio la kweli. Kuwachuja watu upande wetu wa Daraja la Umoja, pale Mtambaswala, kungehitaji maofisa, mahema na muda. Askari tuliowavusha Ruvuma nao walihitaji hayo, na walipewa.