Silingi Bodi Zangu na Ndoo ya Lita 20

Nyumba yangu ya Chamazi, Dar es Salaam, imekaa miaka minne bila silingi, na kwa muda wote huo nimelala chali nikihesabu misumari ya bati kama tajiri anavyohesabu fedha zake. Jua la saa nane mchana likipiga, chumba kinageuka tanuri, na mvua ya masika ikishuka, mimi na mke wangu tunazungumza kwa ishara. Bodi za dukani zenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2 nilizitamani sana, lakini hazipandi daladala, na dereva wa kirikuu alinitajia nauli iliyonifanya niulize kama gari lenyewe limo ndani ya bei. Ndipo nilipokubali ushauri wa fundi mmoja wa mtaani, ambaye jina lake ninalihifadhi kwa kuwa bado ana ngazi yangu, kwamba tununue unga wa jipsamu tumwage bodi zetu wenyewe uani, za sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita moja.

Chumba chetu ni mita 3 kwa 3, kwa hiyo kilihitaji bodi 25. Fundi alisema mifuko mitatu ya kilo 25 ingetosha na bodi mbili zingebaki. Nilifurahi, kwa kuwa sikujua kwamba hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kuchanganywa na maji.

Siku ya kwanza alilaza kioo cha dirisha juu ya meza, akazungushia fremu ya mbao, kisha akaomba mafuta ya kupikia ili bodi isigande kwenye kioo. Mke wangu alimpa kijiko kimoja huku akimtazama kama mtu anayeombwa damu. Baada ya hapo fundi alimwaga unga kwenye ndoo, akamimina maji juu yake, akakoroga. Hata mimi nisiye na cheti nilijua hapo pamekosewa, maana unga hunyunyizwa taratibu ndani ya maji ukaachwa unywe kwanza. Ukifanya kinyume unapata madonge kama uji wa mgeni wa jiko. Alipoyaona madonge, dawa yake ilikuwa kuongeza maji. Uji ulipoanza kuwa mzito, aliongeza maji. Mtoto alipopita na jagi akielekea kunawa, alinyang'anywa.

Ninalalamika juu ya maji kwa sababu ndiyo kisa chote. Unga wa jipsamu ni jiwe la jasi, lile linalochimbwa Makanya kule Same na pia Kilwa, na ndani ya jiwe hilo karibu sehemu moja ya tano ya uzito ni maji yaliyofungwa. Likichomwa katika joto la nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hutoka, ukabaki unga wenye kiu. Ukiurudishia maji, unakuwa jiwe tena, na wakati wa kugeuka hupata joto kiasi kwamba mwanangu aliigusa bodi ya kwanza akatangaza kuwa ina homa. Kilo 10 za unga huo, ili ziwe jiwe, zinahitaji maji yasiyofika lita 2. Kwa kuwa uji wa maji machache hivyo ni mzito na haumwagiki, tunatia kama lita 7, na hizo lita 5 za ziada baadaye hukauka na kuacha vitundu ndani ya bodi. Fundi wangu alikuwa anatia lita 10. Kwa mchanganyiko wake mfuko mmoja ulitoa bodi tisa, na kwa mchanganyiko wa haki ungetoa saba, maana yake ni kwamba katika kila mfuko nilikuwa ninauziwa bodi mbili za vitundu.

Nilipomuuliza atajuaje kama bodi ni imara, aliigonga kwa kidole, akainamisha sikio kama daktari, akasema, "Bosi, hii ni chuma."

Sikuridhika. Nilichukua stuli mbili za jikoni, nikazitenganisha kwa nusu mita, nikalaza bodi juu yake, nikaweka ufito katikati na kuning'iniza ndoo ya lita 20 chini kwa kamba. Kisha nikaanza kumimina maji lita baada ya lita, majirani wakiwa wamejaa ukutani kana kwamba ni fainali. Bodi ya chuma ilikatika kwenye lita ya 13 na kuniloweshea suruali. Siku iliyofuata nilipima unga na maji mwenyewe kwa jagi, nikaosha ndoo kabla ya kila mchanganyo, kwa sababu mabaki ya jipsamu iliyoganda huharakisha uji mpya kuganda (chumvi nayo hufanya hivyo hivyo, na ndiyo maana nilimfukuza jirani aliyekuja na kijiko chake), kisha nikatandaza nyuzi za katani katikati ya bodi kabla uji haujakaza. Nilipoijaribu ilipokauka, ndoo ilijaa hadi mdomo na bodi ikanuna tu. Nilipoongeza tofali juu ya ufito, ilipasuka, lakini nusu zake hazikuanguka. Zilining'inia kwenye katani kama nguo kwenye kamba. Nikaona faida ya mkonge, kwamba silingi yenye nyuzi hukupa nafasi ya kutoka kitandani.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini Dar es Salaam ina unyevu wake, na nilitaka kujua bodi ambayo haijakauka sawasawa ina nguvu gani, kwa hiyo nikajaribu moja iliyokaa barazani siku tatu za mvua. Ilikatika kwenye lita ya 9, ingawa ilitoka ndoo moja na ile shujaa. Tangu hapo nilianza kupima bodi kwenye mizani ya duka la jirani kila asubuhi, kwa sheria kwamba haitoki uani mpaka uzito uache kupungua siku mbili mfululizo. Muuza duka alivumilia wiki moja, kisha akaanza kunitoza.

Fundi alisema bodi zangu zinakula unga, akaongeza bei. Mke wangu hakusema kitu mpaka jioni moja alipochukua daftari la matumizi na kalamu.

"Baba Neema, umenunua mifuko mitano?"

"Mitano."

"Bodi saba kila mfuko?"

"Ukiondoa ule wa kwanza wa fundi, ndiyo."

"Basi kwa nini dari ina bodi 16?"

Nilimweleza kwamba bodi huwezi kuijua nguvu yake mpaka uivunje. Alifunga daftari, akazirudisha stuli zote mbili jikoni, na ile ndoo ya lita 20 akaipeleka chumbani kwa mama mkwe, ambako mimi siingii.