Lithiamu kwenye gari la porini: pesa ya betri peke yake haitoshi

Katika gereji za Tanga zinazoshughulika na Land Cruiser "mkonga" na Defender kuna mjadala ambao hauishi: betri ya pili, ile ya friji na taa, iwe ya lithiamu au ibaki ya asidi? Wanaouliza ni watu wa kila namna. Wapo wanaopeleka wageni hifadhi za Saadani na Amani, wapo wachuuzi wa samaki wanaotoka Pangani na friji ya volti 12 nyuma ya gari, wapo watafiti wanaolala kwenye misitu ya Usambara Mashariki, na madereva wa miradi wanaoshinda Handeni na Kilindi. Wote wanataka jambo moja: injini ikizimwa, friji iendelee kugandisha, taa ziwake, simu na redio zichajiwe, na asubuhi gari liwake bila kusukumwa.

Majibu wanayopewa ni mawili, na yote hutolewa kwa uhakika mkubwa. Fundi wa kwanza anasema: toa ile ya zamani, weka hii, waya ni zilezile, kazi imekwisha. Wa pili anasema: lithiamu itakuunguzia altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, na ikikugomea porini hakuna wa kukusaidia. Kwa maoni yangu, lithiamu ni betri bora kuliko ya asidi kwa kazi hii ya pili, tena kwa mbali. Lakini mtu ambaye pesa yake inaishia kwenye kununua betri tu asiinunue kabisa. Kinachomlinda yeye na gari lake ni vile vitu vinavyoizunguka betri, navyo vina gharama yake.

Nianze na sifa zake, kwa sababu si maneno ya dukani tu. Lithiamu tunayoizungumzia hapa ni ile ya fosfeti ya chuma, inayoandikwa LiFePO4 ubavuni. Betri ya namna hii ya ampea-saa 100 (ndicho kipimo cha umeme inaohifadhi) ina uzito wa kilo 11 hadi 13 hivi, wakati ya asidi ya ukubwa huohuo inakaribia kilo 30. Ya asidi ukiitumia kupita nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo katika ampea-saa 100 ulizolipia, unazotumia kwa amani ni 50. Lithiamu inakupa 80 na zaidi, na inavumilia kuchajiwa na kutumika mara 2,000 au zaidi, wakati ya asidi inayoshushwa hadi nusu huhesabiwa kwa mamia.

Lakini sifa inayowahusu zaidi watu wa huku haiko kwenye uzito wala umri. Iko kwenye namna inavyopokea chaji. Friji ya lita 40 yenye kompresa, kwenye joto letu la kaskazi, inaweza kula ampea-saa 40 kwa siku. Betri ya asidi inapokea chaji vizuri hadi asilimia 80 hivi, kisha inaanza kukataa; ile sehemu ya mwisho inataka saa nyingi za injini kuwaka. Sasa tazama safari zetu zilivyo. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 tu. Kisha gari linazimwa, mzigo unapangwa, watu wanakula, jioni linasogea kidogo. Katika maisha ya namna hiyo betri ya asidi haijai hata siku moja, na betri ya asidi isiyojaa inajenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake hadi inakufa. Wengi wanailaumu kampuni iliyoitengeneza, kumbe betri imekufa kwa njaa. Lithiamu haina tatizo hilo. Ukiipa ampea 30, inapokea ampea 30 karibu hadi mwisho, na kukaa nusu haiidhuru; wala haiombi kujazwa kila siku. Mwendo wa saa moja na nusu unarudisha matumizi ya friji ya siku nzima. Kwa mchuuzi wa samaki jambo hili peke yake linatosha kuamua.

Hapo ndipo upande wa pili unapoingia, na hoja yao ya altaneta ni ya kweli. Kule kupokea chaji bila kukataa, ambako ni neema kwa friji, ni mateso kwa altaneta. Betri ya asidi inapojaa inaipumzisha. Lithiamu tupu iliyofungwa moja kwa moja inavuta kila kinachopatikana, kwa muda mrefu, na altaneta nyingi za magari yetu ya zamani ni za ampea 80 au pungufu. Hatari kubwa haipo barabarani. Ipo pale gari linapozunguka polepole kwenye udongo mweusi wa Saadani wakati wa masika, gia ya chini, au linapoachwa likiunguruma mahali pamoja "ili betri ijae". Feni ya altaneta inafuata mzunguko wa injini. Injini ikizunguka taratibu, upepo wa kuipoza ni mdogo, na wakati huohuo inaombwa itoe kila ilicho nacho. Waya za ndani zinaiva, na daiodi, vile vipande vinavyogeuza umeme wake uwe wa kuchaji betri, zinakufa.

Kuna hatari nyingine inayosemwa kidogo kuliko inavyostahili. Ndani ya kila betri ya lithiamu ya maana kuna bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS. Ikiona volti imezidi, joto limezidi au mkondo umezidi, inakata papo hapo. Kama ulitoa betri ya asidi ya mbele ukaweka lithiamu peke yake, siku bodi hiyo ikikata wakati altaneta inasukuma ampea 50, mkondo huo hauna pa kwenda. Volti inaruka ghafla, na kinachopigwa ni daiodi za altaneta pamoja na vifaa vyote vya umeme ndani ya gari. Betri ya asidi ikiwepo mbele, inameza mshtuko huo. Ndiyo maana naipinga waziwazi shauri ya "toa hii, weka hii". Starta ya dizeli ya lita 4.2 inataka mamia ya ampea kwa sekunde chache, na kwa kazi hiyo betri ya asidi ni ya bei nafuu, inajulikana, na inapatikana Muheza, Korogwe na Handeni. Iacheni mbele palepale ilipo.

Basi betri ni mbili. Swali linakuwa: zinaunganishwaje? Wengi hufunga rilei ya volti, swichi inayojifunga yenyewe na kuziunganisha betri altaneta ikifikisha kama volti 13.3, na kujifungua na kuzitenganisha zikishuka hadi 12.8. Kwa betri mbili za asidi mpango huu unafanya kazi miaka na miaka. Kwa lithiamu unavurugika, na sababu yake inaonekana kwenye mita.

Nilimwona fundi mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, akimwonyesha mteja wake jambo hili. Gari lilikuwa limezimwa muda mrefu, boneti iko wazi, kwenye kichwa cha betri ya mbele kumeota ule ukungu wa kijani tunaoujua sote tunaoishi karibu na chumvi. Akaufuta, akagusisha nyaya za mita. 13.2. Akaenda nyuma kwenye lithiamu. 13.2. "Mzee wangu, tazama mwenyewe," akasema, "gari limelala lakini rilei haijalala." Betri ya asidi iliyojaa, ikipumzika, inasoma 12.7 hivi. Kilichokuwa kinaishikilia kwenye 13.2 ni lithiamu, ambayo ikiwa imetulia na ina chaji nzuri inasoma hapohapo 13.2 au 13.3, na haishuki hadi 12.8 mpaka ikaribie kuisha. Kwa hiyo rilei haioni sababu ya kujifungua. Usiku kucha betri ya kambini inailisha ya mbele. Baya zaidi ni asubuhi: dereva anapiga starta rilei ikiwa bado imefunga, na starta inavuta mkondo kutoka nyuma pia, kupitia waya ambao haukupimwa kwa kazi hiyo. Ama fyuzi inakatika, ama BMS inakata, na friji inazimika bila mtu kujua mpaka samaki waanze kunuka.

Dawa yake ni chaja ya DC-DC, kisanduku kinachokaa kati ya betri mbili, kinachukua umeme wa altaneta na kuutoa kwa volti ambayo lithiamu inaitaka, 14.2 hadi 14.6, na kwa kiwango ulichochagua. Kwa altaneta ya ampea 80 mimi nisingezidisha chaja ya ampea 30 au 40. Hapo altaneta haiombwi kupita uwezo wake, betri ya mbele haiguswi injini ikiwa imezimwa, na hata magari mapya ambayo kompyuta yao hushusha volti za altaneta ili kuokoa mafuta yanachaji vizuri. Kifaa hiki ndicho wateja wanaomba kipunguzwe kwenye bili. Ndicho ambacho mimi ningekilipia kwanza.

Waya nao. Kutoka boneti hadi nyuma ya kiti ni kama mita 5, kwenda na kurudi 10. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 16, ampea 40 zinapoteza volti 0.4 hivi njiani. Kwa waya mwembamba wa nusu ya huo unapoteza mara mbili, na kinachopotea kinageuka joto ndani ya gari lako. Wengine hutumia bodi ya gari kama njia ya kurudi. Huku pwani, ambako chumvi inakula kila kiungo cha chuma, bora kuvuta waya wa pili kamili. Fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa cha betri, pande zote mbili. Lithiamu ikipata shoti inaweza kumwaga mkondo mkubwa mno kwa nukta moja, na waya usio na fyuzi unawaka kabla hujafungua mlango.

Kuhusu moto, hofu ya wengi imetoka kwenye simu na pikipiki za umeme. Kemia ya fosfeti ya chuma ni tulivu kuliko zile zinazotumika kwenye simu nyingi. Inachelewa sana kufika kwenye joto la kujichoma yenyewe. Kwenye magari, waya mbovu ni wa kuogopwa kuliko betri yenyewe.

Joto la kawaida linanihangaisha zaidi. Wazungu wanaandika kurasa nyingi kuhusu lithiamu kutochajiwa chini ya nyuzi 0. Hapa kwetu, hata Lushoto kwenye baridi ya Julai, hilo si jambo la kutunyima usingizi. Tatizo letu liko upande wa pili. Betri nyingi za aina hii zina kikomo cha kuchajiwa kati ya nyuzi 45 na 60, kutegemea mtengenezaji. Chini ya boneti ya dizeli iliyopanda milima ya Amani joto linapita hapo bila shida. Kwa hiyo isifungwe mbele hata kama nafasi ipo. Nyuma ya kiti au ndani ya droo ni sawa, lakini nako kuwe na upenyo wa hewa. Saadani watu hufunga vioo kwa sababu ya mbung'o, na gari lililoegeshwa juani vioo vikiwa juu ni tanuri. BMS ikikata kwa joto, si ugonjwa. Fungua milango, subiri ipoe, itarudi yenyewe.

Kuhusu kukwama porini, nawaunga mkono wanaoogopa, kwa sehemu. Betri ya asidi iliyokufa unaweza kuibusti, na kila kijiji chenye duka la vipuri kina anayeijua. Lithiamu iliyoisha chaji hadi BMS ikakata inaweza kusoma sifuri kwenye mita, na fundi asiyeijua ataitupa ikiwa nzima. Inahitaji chaja yenye uwezo wa kuiamsha. Lakini kama mfumo umefungwa nilivyoeleza, lithiamu ikigoma umepoteza friji na taa tu. Injini inawaka kwa betri yake ya asidi, na unarudi nyumbani.

Kuna watu ambao ningewaambia wabaki na asidi bila kusita. Mwenye gari linalokwenda kambini mara mbili kwa mwaka, kwanza. Lithiamu yake itazeeka kwa kukaa bure, na pesa ile ingemnunulia matairi. Mwenye paneli ya sola ya wati 100 juu ya gari ambaye anawasha taa mbili na kuchaji simu, naye hana haja nayo. Na mwenye pesa ya kununua lithiamu ya bei ya chini kabisa, isiyo na chaja wala fyuzi wala waya mpya, nunua betri kavu ya asidi iliyo nzuri na rilei yako ya zamani. Utakuwa salama zaidi.

Kwa wanaoamua kununua, lipo jambo la kufanya kabla ya kuifunga garini. Rahisi huvunja upishi, na zipo betri sokoni zilizoandikwa 100 ilhali ndani mna seli zilizokwisha kutumika mahali pengine. Ichaji ijae kabisa, kisha iwashie taa ya mbele ya gari ya wati 55 na uandike saa. Betri ya kweli ya ampea-saa 100 inapaswa kuiwasha taa hiyo kwa saa 20 au zaidi kidogo. Ikizimika baada ya saa 12, umeuziwa kama 60. Mkubaliane na muuzaji kabla hujatoa pesa kwamba utaipima hivyo, na kwamba isipofika unairudisha.