Fundi, usiitengeneze kwanza

Ofisi yenyewe iko upande wa Mapembeni, ni ya watu wa kutoa makontena bandarini Kilindini, na seva yao ya barua pepe ni kompyuta kuukuu ya Linux yenye ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 tu, imesukumwa chini ya meza pale penye viatu vya kuswalia. Asubuhi inapiga kazi safi. Ikifika adhuhuri kimya, barua haziingii hazitoki, mtu anairistati inafufuka, kesho vilevile, ila tangu Jumatatu hakuna aliyeiristati. Wakaniita.

Kufungua dmesg, ile kumbukumbu ya malalamiko ya mashine, nakuta kenel, yaani kiini cha Linux, inalalama mstari kwa mstari ati imeshindwa kusoma swapu. Sasa kwa asiyejua, ramu ikijaa Linux huchukua vitu visivyotumika sana ikaviweka kwenye diski, kama mwenye duka anavyotoa magunia barazani, na hiyo sehemu ya diski ndo swapu. Mlaji mkubwa hapo alikuwa ClamAV, ile antivirusi ya kukagua barua, manake orodha yake ya virusi peke yake inakula zaidi ya GB 1, kwa hivo kipande chake kizuri tu kiko huko kwenye swapu na kumbe sehemu ile ya diski imeoza, smartctl, ile ya kupima afya ya diski, inaonyesha sekta mbovu kibao. Kenel ikitaka kipande ikakikosa haina huruma, inaiua programu papo hapo. Kuristati kulisaidia kwa vile ramu inaanza tupu, basi.

Nikasimamisha ClamAV, nikaizima ile swapu mbovu na kuitoa kwenye fstab, orodha ya vitu vya diski vinavyowashwa mashine ikiamka, nikatengeneza faili mpya ya swapu kwenye diski ya pili, mkswap ya kuiandaa, swapon ya kuiwasha, ClamAV ikarudi juu.

Yule karani wa deklareshoni za forodha amenisimamia kichwani muda wote huo. "Fundi, zile barua zilizokwama zimepotea, sio?"

"Hata moja! Postfix, hii programu ya kupeleka barua, haizitupi, inaziweka foleni inajaribu tena na tena, ukiiachia setingi zake inavumilia mpaka siku 5. Zote zitafika."

Nlidhani atafurahi. Jamaa akanishika mkono mpaka kwenye ngazi.

"Kaka yangu, wallahi nakuomba, usiitengeneze kwanza."

Kisa ni kwamba Jumatatu alimwomba Mzee, bosi wao, advansi ya mahari akanyimwa, kwa hasira akamwandikia barua, Mzee una mkono wa birika, hata chai ya wafanyakazi unahesabu majani, na ofisi nzima akawawekea kopi ili washuhudie. Jumanne Mzee si akamwita akampa advansi yote, tena na ya juu, na dua njema. Tangu hapo karani anaiombea seva ife kabisa. Ndo nkaelewa kwa nini nlipouliza paswedi kila mtu alinielekeza kwake na yeye akawa hamnazo.

Nikamwambia barua za watu mie sifuti, nikifuta moja leo kesho nitashukiwa kwa zote. Akaniahidi biriani ya mbuzi. Nikakataa. Akaongeza juisi ya ukwaju. Hapo sitaki kusema uongo, moyo ulilegea kidogo, nikamwambia haya, sifuti lakini naweza kuishikilia hapo kwenye foleni mpaka uende ukamwambie Mzee mwenyewe kwa mdomo wako. Tukarudi ndani mbio nikaandika mailq, amri ya kuonyesha foleni.

Foleni tupu. Ile Postfix haingoji kuambiwa, zamu yake ya kujaribu tena imefika, ikakuta antivirusi imeamka ikasukuma kila kitu wakati sisi tuko kwenye ngazi tunapatana bei ya biriani.

Chumba cha ndani simu ya Mzee, ting. Ting ting. Halafu meza zote, ting ting ting, na yule mama wa akaunti akajifunika kicheko kwa buibui.

Mzee akatoka, miwani puani, simu mkononi. Karani ametazama sakafu.

"Barua ya Jumatatu, kutoka meza hii mpaka mlango ule, ndo yafika leo? Fundi, si afadhali angenitukana kwa mdomo!"

Nikaanza kumweleza habari ya swapu. Akanikata.

"Pesa zako ngapi?"

Nikamtajia. Akahesabu noti taratibu, akanipa nusu.

"Mzee, hizi hazijatimia."

"Si umesoma na wewe? Mkono wa birika huu. Nyengine mwisho wa mwezi."