PKM2 na figo za wenye kisukari: tushangilie au tusubiri kwanza?

Watu wawili wana kisukari cha aina moja, sukari zao hazipishani sana, lakini mmoja figo zinamfia mapema na mwingine anagonga miaka 50 na ugonjwa huku figo zinadunda tu. Kwa nini? Kule Boston, taasisi ya kisukari ya Joslin iliamua kuwachunguza hao wa pili, watu walioishi na kisukari aina ya kwanza kwa miaka 50 na zaidi, na wapo waliokubali figo zao zichukuliwe wakishafariki. Majibu yakatoka 2017: kwenye vichujio vya figo zilizosalimika kulikuwa na vimeng'enya vingi zaidi vya kuchakata sukari kuliko kwenye zilizoharibika, na kilichopewa uzito ni protini inaitwa PKM2.

Kazi yake ni hivi, sukari ikijaa ndani ya seli ya kichujio PKM2 inaisukuma ifike mwisho wa njia yake ya kawaida, ikizembea ile sukari inachepuka inageuka vitu kama sorbitoli vinavyoisumbua seli, mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) zinachoka, na baadaye albumini, protini ya damu, inaanza kuvujia kwenye mkojo. Ukijua kila figo ina vichujio kama milioni moja hivi utaelewa kwa nini mtu anaumia kimyakimya miaka bila kuhisi chochote.

Wanaoshangilia, wakiamini dawa ya kuiamsha PKM2 inaweza kulinda figo, wana hoja nzito tu. Watafiti hawakuishia kuangalia figo za marehemu, walichukua panya wakaiondoa PKM2 kwenye seli za vichujio, wakawapa kisukari, albumini ikavuja zaidi, halafu panya wengine wakapewa dawa ya kuiamsha na hali ikawa nafuu. Kwa hiyo siyo kwamba protini ilikuwepo tu kwa bahati.

Sasa mi nasita wapi. Kwanza panya anaugua miezi, binadamu anaugua miongo. Pili, aliyefikisha miaka 50 na kisukari huyo tayari ni wa pekee, huenda ana mambo mengine kumi yanayomlinda na PKM2 ni moja tu. Na PKM2 hiyohiyo iko pia kwenye seli za saratani, so kuichezea mwili mzima kwa miaka siyo kitu cha kukimbilia.

Halafu tumeshawahi kung'atwa hapa. Kuna dawa inaitwa badoksoloni, inaamsha protini nyingine ya kinga, Nrf2, na mwanzoni namba ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja ilipanda watu wakafurahi kweli. Jaribio kubwa la wagonjwa 2,185 wenye kisukari aina ya pili na figo zilizochoka likasimamishwa Oktoba 2012, maana waliokunywa dawa walipata matatizo ya moyo kushindwa kusukuma damu kuliko wasiokunywa, 96 kwa 55, na albumini kwenye mkojo nayo iliongezeka!

Linganisha na kanagliflozini, haikuja na hadithi tamu ya protini ya kinga, asili yake ni dawa ya kushusha sukari, lakini 2018 jaribio lake lilisimamishwa mapema kwa sababu ilikuwa inasaidia, ilipunguza hatari ya figo kufeli na matatizo yanayoendana nayo kwa asilimia 30 hivi. Ndo maana dawa ya PKM2 ikija mi sitauliza namba ya damu imepanda kiasi gani, nitauliza wangapi wamefika kwenye mashine ya kusafisha damu na wangapi moyo umewagomea, na waliangaliwa miaka mingapi.